Shamba la Aliyekimbia Si Shamba Tupu: Pamba Isirudi Tanganyika kwa Njia Ileile

KALEMIE – Watu wakikaa kuzungumza namna ya kuinua jimbo la Tanganyika, hawakawii kufika kwenye pamba. Mzee mmoja atanyoosha kidole upande wa Filtisaf na kueleza jinsi mji mzima ulivyokuwa ukiamka kwa saa ya kiwanda. Mwingine atasema Wabelgiji walijua kazi. Wa tatu, na mara nyingi huyu ni mtu mwenye ofisi, atamalizia: udongo upo, mto upo, reli ipo, ziwa lipo, na mashamba yamekaa bure.

Hapo kwenye "yamekaa bure" ndipo uongo unapoingia. Mashamba ya Nyunzu, ya Kabalo, ya Manono na ya Kongolo hayakukaa bure. Wenyewe walikimbia. Wengine walipitia kambi za Katanika na Kalunga pembezoni mwa Kalemie, wengine wamejibana kwa ndugu mjini, watu saba katika chumba kimoja. Mwaka 2025 vita vya Kivu vikaleta wengine tena kwa njia ya ziwa, watu wa Uvira na wa bonde la Ruzizi, nao wameacha mashamba nyuma. Mtu akifunga mlango akaenda msibani, jirani hawezi kutangaza kwamba nyumba ile haina mwenyewe. Lakini mkulima akikimbia risasi, baada ya misimu mitatu kuna watu wanaanza kupima shamba lake kwa hatua.

Pamba inaweza kurudi Tanganyika, na pengine inafaa irudi. Isirudi tu kwa njia iliyoijia mara ya kwanza. Na njia ile ilianza kwa maneno hayahaya, kwamba ardhi haina mtu.

Tarehe 1 Julai 1885 dola ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola. Wakulima wa huku walikuwa wakilima shamba miaka miwili au mitatu, wanaliacha lipumzike, wanafungua lingine, na baadaye wanarudi kwenye lile la kwanza. Kila ukoo ulijua mpaka wake, mti gani, kijito gani, kichuguu gani. Kwa macho ya Bula Matari, shamba linalopumzika lilikuwa ardhi tupu. Kwa amri moja iliyoandikwa na watu ambao hawakuwahi kulima hata kitalu kimoja cha karanga upande huu, sehemu kubwa ya nchi ikapata mwenye mali mpya.

Ardhi ilipokwisha kuitwa tupu, ikafuata zamu ya mikono kuitwa ya uvivu. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 iliwapa watawala ruhusa ya kulazimisha vijiji kupanda mazao wanayochaguliwa. Pamba ikawa juu kabisa ya orodha hiyo. Mwaka 1920 ikaundwa kampuni ya Cotonco, na kuanzia 1921 nchi ya pamba ikakatwa vipande vipande: kila kipande na kampuni yake, na mkulima wa kipande hicho hana ruhusa ya kuuza kwingine. Siku 60 kwa mwaka zilihesabiwa kuwa za kazi ya lazima, na karatasi ziliziita kazi za "kuelimisha". Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zikafanywa 120. Ukitoa Jumapili, siku 120 ni karibu miezi mitano ya mtu mzima. Aliyekataa alitozwa faini, akafungwa, akachapwa fimbo ya kiboko. Kapita alijua kila mlango.

Basi wale wanaosema "Wabelgiji walijua kazi" wangeulizwa kwanza: kazi ya nani? Shamba liliandikwa kwa jina la mwanaume, lakini waliopalilia na kuchuma walikuwa mama na watoto. Mume alipoitwa kubeba mizigo au kutengeneza barabara, pamba ilibaki mgongoni mwa mke. Siku ya kuuza, daftari lilimwita mume.

Halafu kuna jambo la bei, nalo halielezwi vya kutosha. Bei ya pamba haikuanzia shambani. Ilianzia soko la Ulaya. Kwenye bei hiyo ya Ulaya zikatolewa gharama za meli, za treni, za kinu cha kuchambulia, mishahara ya wazungu wa kampuni na faida ya wenye hisa. Kilichobaki chini kabisa, kama makombo ya bukari kwenye chungu, ndicho alichopewa mkulima kikaitwa bei yake. Katika mpango wa namna hiyo kampuni inakuwa imejikinga pande zote, kwa kuwa soko la dunia likianguka anayeumia ni yule wa mwisho. Ndivyo ilivyokuwa katika shida ya dunia ya miaka ya 1930: bei ya mkulima ilikatwa, na wakati huohuo vijiji vikaamriwa kuongeza mashamba. Baada ya vita, soko la dunia lilipopanda na fedha nyingi zikaingia, sehemu ya fedha hizo ikawekwa kwenye mfuko wa akiba kwa ajili ya mkulima. Yeye mwenyewe hakuulizwa kama anataka akiba au anataka bati la kuezekea.

Pamba hailiwi. Neno hili ni dogo na kila mtu analijua, ila linasahauliwa haraka sana na wale wanaokula mara tatu kwa siku. Upande huu wa nchi pamba hupandwa mwishoni mwa mwaka, mvua zikiwa zimeshika, na huanza kuchumwa miezi ya kiangazi. Palizi lake linaangukia siku zilezile za palizi la mahindi na karanga. Mikono ni ileile. Saa zinazokwenda kwenye pamba zimetolewa kwenye chungu. Muhogo ulivumilia hayo kwa sababu hauhitaji kutunzwa sana. Ndiyo maana watu waliokuwa wakipanda mtama, viazi, mahindi na kunde wakajikuta wanaegemea zaidi muhogo na sombe. Kisha mganga wa serikali akaja kuandika kwamba watoto wa kijiji hawali vizuri.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Pamba ilijenga vitu. Vinu vya kuchambulia vilisimama Kongolo, Kasongo, Kabinda, Gandajika na kwingineko, na kila palipokuwa na kinu pakawa na mafundi, duka na barabara inayopitika. Kituo cha utafiti cha Gandajika kilizalisha mbegu zilizofaa kwa mikoa ya kusini. Bonde la Ruzizi nalo lilikuwa nchi ya pamba, na wazee waliokimbia kutoka huko wanakumbuka masoko yake. Hapa Kalemie, wakati mji ukiitwa Albertville, katika miaka ya 1940 kikaanzishwa kiwanda cha Filtisaf cha kusokota nyuzi na kufuma vitambaa. Mnamo mwaka 1959 nchi nzima ilivuna karibu tani 180,000 za pamba pamoja na mbegu zake. Mzee anayesema mji uliamka kwa saa ya kiwanda hadanganyi. Mshahara wa mfumaji ulinunua samaki wa mvuvi, mihogo ya mama wa Nyunzu na baiskeli ya mtoto. Pale ambapo pamba ilifumwa palepale ilipolimwa, franka moja ilizunguka mikono mingi kabla ya kuondoka jimboni.

Mara nyingi, lakini, haikufumwa hapa. Marobota yalipanda treni mpaka Kalemie, yakavuka ziwa mpaka Kigoma, yakapanda treni nyingine mpaka Dar es Salaam, ambako Wabelgiji walikuwa na bandari yao ya kukodi tangu mkataba wa 1921. Kutoka hapo, Ulaya. Leo simama ufukweni Kalemie utazame boti zinazoingia. Vikwembe vya China vinashuka kutoka Kigoma, vimepitia Dar es Salaam. Nguo za mitumba zinashuka kwa njia hiyohiyo. Njia ni ileile, mzigo umegeuza uso. Nchi iliyokuwa ikitoa nyuzi sasa inanunua mpaka kitambaa cha kumfungia mtoto mgongoni.

Aliyeua kazi hiyo ni nani? Watu hupenda kusema vita. Vita vilifanya sehemu yake, kuanzia machafuko ya 1964 mpaka vita vya 1996 na vya baadaye. Lakini pamba ilikuwa mgonjwa kabla. Uhuru ulipofika, wakulima wengi waliiacha siku ileile waliyoona hakuna tena wa kuwachapa, na hiyo ilikuwa kura yao, kura ambayo hakuna aliyehesabu. Wangeweza kurudishwa kwa bei nzuri. Badala yake katika miaka ya 1970 Leta iliunda shirika lake la nyuzi, Onafitex, nalo likapewa haki ya kununua peke yake. Kiti cha kampuni kikabaki palepale, aliyebadilika ni mkaaji. Hapo bado tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza maduka na mashamba ya wageni yachukuliwe na wenyeji. Wengi waliopewa hawakujua biashara, waliuza kilichokuwamo na kufunga mlango. Mkulima aliyekuwa anachuma pamba ili anunue chumvi, sabuni na kikwembe akakuta duka halina chumvi, halina sabuni, halina kikwembe. Sasa achume ya nini? Onafitex ilivunjwa kabla ya miaka kumi kwisha, ikiwa imewazoesha watu kungoja malipo yasiyofika.

Viwanda navyo vikafuata. Utexafrica ya Kinshasa, iliyokuwa ikivalisha nusu ya mji kwa vitambaa vyake, iliacha kufuma, na uwanja wake ukawa wa nyumba za kupangisha na maofisi. Sotexki ya Kisangani imekuwa ikipumua kwa shida kwa miaka mingi. Filtisaf ilinyamaza. Vijana wa Kalemie waliozaliwa baada ya hapo wanalijua jina lile kama jina la mahali.

Kuna fundisho ng'ambo ya ziwa, na halihitaji pasi ya kusafiria. Miaka ileile ambayo mkulima wa Kongolo alikuwa chini ya kapita, wakulima wa Usukuma, upande wa Mwanza, walikuwa na ugomvi wao na wanunuzi. Ugomvi haukuanza na hotuba kubwa. Ulianza na mizani. Walijua wanapunjwa kwenye kupima, wakachangishana, wakaweka wapimaji wao wenyewe penye maghala ya kununulia ili kila mzigo upimwe mara ya pili. Kutoka kwenye mizani wakafika kwenye vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda shirikisho lao, Victoria Federation of Cooperative Unions, likiongozwa na Paul Bomani. Kabla ya uhuru wa Tanganyika ya huko, shirikisho hilo lilikuwa linanunua pamba ya eneo lile na kumiliki vinu vya kuchambulia. Ni wakulima, wale wale.

Asije mtu akadhani huko ni peponi. Mwaka 1976 serikali ya Nyerere ilivifuta vyama vya ushirika vya mikoa, na miaka mingi ikapita kabla havijaruhusiwa tena. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakakaa miezi wakidai fedha za pamba waliyokwisha kuitoa. Sehemu kubwa ya nyuzi zao bado inauzwa nje bila kufumwa. Lakini angalau huko mkulima ana bei iliyotangazwa ya kushika mkononi anapodai. Huku hana hata hiyo.

Turudi basi kwa wale wanaotaka pamba ifufuke. Wana hoja zao, na si zote za kubeza. Wanasema jimbo haliwezi kuishi kwa coltan, dhahabu na samaki peke yake. Kweli. Wanasema vijana wanaoshika bunduki wangeshika jembe kama jembe lingelipa. Huenda. Wanasema mwenye mtaji hawezi kuja kama bei ya kununulia iko juu, kwa kuwa barabara ni mbovu, treni haina ratiba na vizuizi barabarani ni vingi. Hapa ndipo pa kukataa kabisa. Hesabu hiyo ni ileile ya Cotonco: toa gharama zote kwanza, kisha mpe mkulima kilichobaki. Barabara mbovu haikuharibiwa na mkulima. Vizuizi havikuwekwa na mkulima. Kwa nini kila ubovu wa nchi ukatwe kwenye kilo zake?

Wangeulizwa pia kinu kitakaa wapi. Ukichukua kilo 100 za pamba iliyochumwa, nyuzi ni kama kilo 35 mpaka 40. Kinachobaki karibu chote ni mbegu. Mbegu hiyo ikikamuliwa na kusafishwa vizuri inatoa mafuta ya kupikia, na mashudu yake ni chakula cha ng'ombe. Katika jimbo ambalo mama ananunua mafuta kwa kikopo kidogo na wafugaji wanahangaika wakati wa kiangazi, kusafirisha pamba na mbegu zake kwenda kuchambuliwa kwingine ni kulipia usafiri wa utajiri wako mwenyewe unaoondoka. Na hata kinu kikijengwa hapa, mkulima anayelipwa kwa nyuzi peke yake amepokonywa mbegu. Hakuna mkulima wa zamani aliyewahi kuelezwa hesabu hiyo waziwazi.

Kuna jambo lingine, nalo waliokimbia vita wanalielewa kuliko mtaalamu yeyote. Muhogo ni zao la mtu mwenye wasiwasi. Unakaa ardhini ukingoja. Familia inakimbia Februari, inarudi Julai, inachimba, inakula. Aliyekuja kupora hawezi kung'oa shamba zima kwa usiku mmoja. Pamba iko kinyume. Tumba likifunguka lazima lichumwe, mvua ikilipata limeharibika. Baada ya mavuno mashina lazima yang'olewe na kuchomwa, la sivyo funza wanangoja msimu ujao. Na pamba inauzwa kwa siku moja inayojulikana na kila mtu, fedha zote kwa mkupuo. Katika nchi yenye watu wenye silaha kwenye njia panda, siku ya soko la pamba ni siku ambayo kila mwenye bunduki anajua nani ana fedha mfukoni. Anayeleta mbegu bila kusema nani atalinda siku hiyo ya soko, hajaleta mpango.

Tena mbegu na dawa za wadudu hutolewa kwa mkopo, deni likatwe wakati wa kuuza. Mpango huo unaweza kufanya kazi pale penye amani. Lakini mkulima akikimbia Machi, shamba likachomwa, deni linakwenda wapi? Kama linamfuata mpaka kambini, basi pamba imempa kitu kipya cha kukimbia. Mkataba wowote usioandika kwamba vita vinafuta deni, mkulima asiutie kidole.

Na kuna mikono. Pamba inakula mikono kuliko mazao mengi ya huku, kupanda, kupunguza miche, kupalilia mara mbili tatu, kuchuma tumba moja moja, kutenganisha nyeupe na iliyochafuka. Mikono hiyo itatoka wapi? Jibu ambalo watu wengine wanalo kimoyomoyo ni kwamba itatoka kwa waliokimbia, kwa sababu wana njaa na watakubali chochote, na kwa Watwa, kwa sababu wamezoeshwa kulipwa kidogo. Jimbo hili limekwisha kuonja matunda ya jibu hilo. Uhasama kati ya Watwa na Waluba, uliowaka tangu 2013 na kuchoma vijiji vingi vya Nyunzu, Kabalo, Manono na Kalemie, ulikuwa na mizizi kadhaa, na mmoja ulikuwa huu: watu wanaofanya kazi katika mashamba ya wengine kwa malipo ya dharau, bila ardhi wanayotambuliwa kuwa yao. Kulima pamba kwa mikono ya bei rahisi namna hiyo ni kumwagilia mzizi uleule.

Hapo tunafika tena kwenye ardhi, maana yote yanaishia hapo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Leta. Sheria hiyohiyo inatambua kwamba kuna ardhi zinazokaliwa na wenyeji kwa desturi, ikaahidi kuwa amri ya rais itapanga haki zao. Amri ile ikangojwa miaka kwa makumi. Katika pengo hilo ndimo wajanja wanamoingia. Mwenye karatasi anamshinda mwenye kaburi la babu. Kwa mkulima aliyepo kijijini pengo hilo ni hatari. Angalau anaweza kusimama mbele ya mpimaji na kupiga kelele. Kwa mkulima aliye kambini Kalemie, mpimaji anapita wakati yeye yuko kwenye foleni ya maji. Akirudi, anakuta mistari ya pamba penye mihogo yake, na kijana mwenye kofia ya kampuni anamwonyesha sahihi. Sahihi ya nani? Mara nyingi ya chifu aliyebaki, au ya ndugu aliyebaki, au ya mtu aliyejitangaza kuwa chifu baada ya mwenyewe kukimbia.

Machifu wanajua jambo hili na wengine hawapendi lizungumzwe. Itabidi lizungumzwe. Chifu anatunza ardhi kwa niaba ya walio hai, ya waliokufa na ya watakaozaliwa. Hakuna desturi ya Waluba, ya Wahemba, ya Wabembe wala ya Watabwa inayompa haki ya kugawa shamba la mtu kwa sababu mtu huyo ameponea chupuchupu. Na mjane aliyekimbia na watoto, ambaye shamba lilikuwa "la mume", ndiye wa kwanza kusahauliwa kwenye kila orodha. Yeye ndiye aliyelilima.

Kwa hiyo mtu yeyote atakayesimama Kongolo, Nyunzu au Kalemie na gunia la mbegu za pamba, awe wa Leta, wa shirika au wa kampuni, aombwe kwanza daftari. Daftari la mashamba, kipande kwa kipande, majina ya wanaolima na majina ya waliokimbia, wanawake kwa majina yao wenyewe, Watwa kwa majina yao wenyewe, na kila jina la aliyekimbia lisomwe kambini mbele ya watu kabla halijapigwa mhuri. Bei itangazwe kabla ya kupanda na ibandikwe kwenye ukuta wa kanisa, wa msikiti na wa ofisi ya wilaya, si siku ya kununua wakati mzigo umekwisha kufika na hauna pa kurudi. Mizani ya pili iwekwe, ya wakulima, kama walivyofanya watu wa Usukuma. Mtu asilazimishwe kuondoa mahindi. Na asiyetaka pamba aachwe na muhogo wake, bila kuitwa adui wa maendeleo.

Watasema daftari litachelewesha. Mvua za kupandia pamba huwa zimeshika kufikia Desemba, kwa hiyo miezi ya kiangazi yote iko mbele ya mwenye nia. Kazi yenyewe haihitaji mwekezaji wala kinu. Inahitaji karani, kalamu, chifu wa kijiji na wasemaji wa waliokimbia wakae meza moja, na mtu wa radio awepo ili majina yanayosomwa yasikike mpaka Nyunzu.